Steki ya Kwanza Baada ya Mionzi

Wendell Kucera alisafirisha ng'ombe kwa lori tangu ujana wake, akiwatoa kwenye mashamba yetu ya Nebraska na kuwapeleka machinjioni, na haikupita wiki bila yeye kula steki. Kisha kansa ikamshika kooni. Mionzi ilimbabua shingo, ikamkausha mate, ikamwachia mnong'ono badala ya sauti. Majira yote ya baridi alilishwa kwa mrija uliopita tumboni. Mungu akasaidia, kansa ikaisha na mrija ukatolewa. Daktari akamwambia aanze na viazi vya kuponda, mayai laini, uji, taratibu. Nyama nayo aijaribu, ila kwa tahadhari kubwa, kipande kidogo mno, na asiwe peke yake.

Katika maneno yote hayo Wendell alisikia moja tu.

"Jumapili tukitoka kanisani," alimnong'oneza mkewe, Lavonne, wakiwa bado ndani ya gari nje ya hospitali, "twende pale kwetu."

Pale kwetu ni mkahawa wa steki ulio kando ya barabara kuu. Iko mingine mingi ya jina hilohilo katika miji mingine, na ukiingia mmoja umeingia yote: pembe zilezile ukutani, ndoo zilezile za karanga mezani, maganda sakafuni, wahudumu wakipiga makofi na kuimba kila mtu anapokuwa na siku ya kuzaliwa. Wendell na Lavonne walikula pale walipopata mtoto, wakala pale walipozika wazazi.

"Nitakusagia nyumbani," alisema Lavonne. "Nitaiwekea rojo, iteleze."

"Nimechoka kusagiwa, mama. Kila kitu mwaka huu nimesagiwa."

Lavonne hakubishana naye. Mimi nakaa nyuma yao kanisani na namjua: akiogopa hagombani, ananyamaza na kufanya kazi. Mtaalamu wa matatizo ya kumeza, wa pale hospitali, alikuwa amemfundisha namna ya kumwokoa mtu aliyepaliwa, basi akawa anamfanyia mumewe mazoezi jikoni, asubuhi na jioni. Anamkumbatia kutoka nyuma, anakunja ngumi juu ya kitovu, anavuta ndani na juu.

"Aisee!" Wendell alinong'ona siku moja, ameshika kaunta. "Kabla nyama haijaniua, wewe utakuwa umenivunja mbavu."

"Simama wima. Tena."

Binti yao, Janelle, alipiga simu kutoka Omaha. "Mama, kweli unamkubalia? Akipaliwa mbele za watu?"

"Wewe umewahi kumzuia baba yako kitu?"

"Hapana."

"Haya basi. Niombee."

Jumapili ikafika. Mkahawa ulikuwa umejaa, wakapewa kile kidude kinachotetemeka na kuwaka meza ikiwa tayari, wakakaa kwenye benchi la mlangoni kungoja. Lavonne alikishika kwa mikono miwili. Moyoni aliomba kiharibike. Kilipotetemeka alishtuka, nusura akirushe.

Wakapelekwa kwenye viti virefu vya ngozi, vile vya kutazamana. Lavonne alitaka kukaa upande wa mumewe, lakini Wendell alikwishajitandaza katikati ya kiti chake kama zamani. Lavonne akakaa mbele yake. Macho yake hayakutulia. Mlango uko wapi? Nani hapa ana sura ya muuguzi? Yule mwanaume mnene wa kofia pana ana nguvu, lakini anajua chochote? Akaweka simu mezani, tarakimu mbili za kuita gari la wagonjwa amekwisha kuzibonyeza, imebaki moja.

Mhudumu akaja mbio, msichana mchangamfu aliyejitambulisha kuwa Brielle. Aliweka kikapu cha skonzi za moto na siagi ya mdalasini. "Karibuni wapendwa wangu! Baba, nikuletee nini leo?"

Wendell akanong'ona. Muziki ukameza maneno yake.

"Samahani baba, sijakupata."

Lavonne alifungua mdomo amjibie. Wendell akainua kiganja kumzuia, akaigonga picha ya steki kwenye orodha ya vyakula kwa kidole.

"Iive kiasi gani?"

"Iive kabisa," Lavonne alidakia. "Ikauke."

Wendell alitikisa kichwa kwa nguvu, akamvuta Brielle kwa mkono wa shati mpaka sikio la msichana likawa karibu na mdomo wake. "Ndani iwe nyekundu. Iliyokauka ni ngumu. Ukimsikiliza huyu mama utanizika."

Brielle alicheka. Lavonne hakucheka. Akaagiza supu ambayo hakukusudia kuinywa.

Steki ikaja, bado inachuruzika mafuta, ubavuni ina kiazi cha kuoka. Wendell aliitazama kwa muda, akashika kisu na uma. Akakata kipande. Akakikata mara mbili. Kile kidogo akakikata tena, mpaka kikawa kama punje ya mahindi, akakiweka kando, akaanza kukata kingine. Macho ya Lavonne hayakubanduka kwenye ule uma. Mikono yake, kwa kukosa kazi, ilikuwa imeingia kikapuni. Inamega skonzi na kumtia mdomoni tonge juu ya tonge bila yeye mwenyewe kujua anakula.

"Kunywa maji kwanza," alisema.

Wendell akanywa.

"Kidevu chini, kama walivyokufundisha."

"Mama."

"Haya. Nimenyamaza."

Wakati huohuo mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo, wahudumu wakatoka kwa mstari wakipiga makofi. Msichana wa meza ya jirani alikuwa na siku yake ya kuzaliwa, wakampandisha kwenye tandiko la farasi lililofungwa juu ya gogo na kuanza kuimba. Watu wakageuka wote. Wendell akauinua uma, akautia mdomoni. Lavonne akavuta pumzi ya woga, pumzi ndefu, na tonge la skonzi likaenda nayo.

Alitaka kukohoa, kikohozi hakikuja. Alitaka kusema, hewa haikuwapo. Wendell, akitafuna, aliona macho ya mkewe yamemtoka, akadhani ni yaleyale.

"Usianze sasa," alinong'ona. "Bado niko hai."

Ndipo Lavonne akajishika koo kwa mikono yote miwili. Rangi ya uso wake ilikuwa inageuka.

Wendell alitema nyama. Akasimama, akapiga kelele ya kuomba msaada, na kelele ile ikatoka kama upepo kwenye ufa wa dirisha. Brielle alikuwa hatua chache tu kutoka pale, mgongo kwao, anapiga makofi. Wendell aliita tena. Hakuna aliyegeuka. Akainyakua ile ndoo ya karanga na kuitupa sakafuni, ikagongagonga, watu wakacheka na kushangilia wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Akamvuta mkewe kwa kwapa akamtoa kwenye kiti. Alikuwa amekonda mno mzee huyu, mikono imebaki mifupa, na Lavonne si mwepesi. Akamkumbatia kutoka nyuma, akakunja ngumi palepale alipopigwa yeye wiki nzima, akavuta. Hakuna kitu. Akavuta tena. Akahisi mwili wa mkewe unaanza kulegea mikononi mwake. Mara hiyo alivuta na kila alichobakiwa nacho, mpaka miguu ya Lavonne ikaachana na sakafu.

Tonge likaruka likatua kwenye supu. Pumzi ikaingia kwa sauti ya kutisha, kama ndama anayezaliwa.

Wimbo ulikatika vipandevipande, sauti moja moja. Yule mwanaume mnene alikuja akamshika Lavonne bega. "Uko sawa, mama? Niite gari?" Lavonne alitikisa kichwa, machozi na kamasi vinamtoka, lakini anapumua. Brielle alikuwa amekuwa mweupe kama kitambaa. "Sikusikia," alirudia. "Jamani, sikusikia." Meneja naye akaja na maji, na maneno mengi ya pole.

Watu walipotawanyika, Wendell aliketi upande wa mkewe.

"Kila siku," Lavonne alisema, sauti inakwaruza karibu kama ya mumewe, "kila siku naamka nikidhani leo ndiyo leo, utaondoka mbele ya macho yangu."

"Najua."

"Hujui, Wendell. Wewe unataka steki tu."

Wendell aliangalia sahani yake kule ng'ambo ya meza, na vile vipande alivyovipanga. "Umeona nilivyokuwa nakata? Kama chakula cha vifaranga. Nilikuwa naogopa, mama. Tangu tulipotoka hospitali usingizi sina. Nalala nimefumba macho ili usiniulize."

"Mbona hukusema?"

"Nilishajigamba mbele ya kanisa zima. Ningerudi vipi nyuma?"

Lavonne alitaka kumpiga kofi, akajikuta anacheka, na kicheko kikamuumiza mbavu.

"Twende nyumbani?" Wendell aliuliza. Aliuliza kweli, akangoja jibu. Lavonne ameniambia kwamba tangu ugonjwa ulipoingia, ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza yeye anaonaje.

Alifikiri. Woga ulikuwa bado umemkaa kifuani, haukupungua hata chembe. Lakini alinyoosha mkono akaivuta ile sahani.

"Kimoja," alisema. "Usiponitii, nakwambia ukweli, nitakuacha hapa na huyo farasi wa mti."

Wendell akanywa maji, akaweka punje ya nyama ulimini, akatafuna, akatafuna. Akainamisha kidevu. Lavonne aliona koo linapanda, linasita, linashuka. Wakasubiri wote wawili, wameshikana mikono chini ya meza kama watoto waliovunja kitu.

"Vipi?"

"Imepita." Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini haina ladha. Hakuna kitu kabisa. Nilidhani ni uji tu, kumbe mionzi imeniua ulimi. Kama ninatafuna mkanda."

Hapo Lavonne ndipo aliposhikwa na hofu nyingine, ambayo hakuna mtaalamu aliyemfundisha dawa yake. Mtu aliyevumilia mrija miezi yote kwa kuota kitu kimoja, akikikuta hakina ladha, atavumilia nini tena? Alimtengenezea ukosi wa shati ambao haukuwa umepinda, akamwita Brielle awafungie nyama ya kwenda nayo.

"Na skonzi niwawekee?"

"Skonzi baki nazo, binti yangu."

Kesho yake aliisaga, akaitia rojo, na Wendell akaila yote bila kulalamika. Ladha ilirudi polepole: chumvi kwanza, kisha kitunguu. Ya nyama ilikawia mpaka mahindi yalipovunwa, na hata hivyo haikurudi yote. Oktoba walikwenda tena mkahawani, safari hii na Janelle. Nilimuuliza Lavonne ilikuwaje.

"Sikufurahia hata kidogo," alinijibu. "Roho ilikuwa mkononi tangu tunaingia hadi tunatoka. Jumapili ijayo tunakwenda tena."