Kitanda cha Mzee Hapana

Mtaa mzima ulimwita Mzee Hapana, na jina hilo hakupewa bure. Wapima viwanja walipobisha hodi aliwaambia hapana kabla hawajafungua midomo. Barabara ilipotaka kupanuliwa, hapana. Na jengo la ghorofa lilipoanza kuchomoza upande wa pili wa barabara, alibeba kiti chake akakiweka uani, akakaa kulitazama kwa chuki, asubuhi hadi jioni.

Tatizo ni kwamba alikuwa fundi plasta maisha yake yote, na jicho la fundi halijui kununa. Aliona nondo zilivyofungwa, zimenyooka kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Aliona zege linavyomwagwa alfajiri kabla jua halijawa kali, watu wakilishindilia kwa zamu, hakuna anayekaa. Kila sakafu ilipokamilika alikunja uso, na usiku alilala akiwaza wataanzaje ile inayofuata. Winchi ndiyo iliyomshinda kabisa. Mkono wake mrefu ulizunguka juu ya paa za mtaa ukibeba tani za chuma, ukaziweka pale pale zilipotakiwa, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Si unaona wanavyofanya kazi vizuri?" binti yake aliwahi kumwambia. Binti huyo, mshonaji wa nguo, ndiye aliyekaa naye tangu mama yake afariki.

"Wanalifunika jua," alijibu, akasogeza kiti. Maana jengo lilipokua, kivuli chake kiliingia uani, na mzee akawa anahama na kiti akilifuata jua kutoka kona hadi kona.

Chuki yake haikuanzia kwenye jua. Mkewe alipozidiwa, wakubwa wa mji walikuwa wameuchimba mtaa kwa ajili ya mabomba, wakaacha mtaro wazi na kwenda zao. Gari la wagonjwa lilisimama ng'ambo. Majirani walimbeba mama wa watu juu ya ubao, wakatafuta pa kuvukia, wakamtafuta yeyote mwenye mamlaka ya kuleta hata mbao za kutandika juu ya mtaro. Hakuonekana mtu. Mama akakata roho kabla hawajamvusha. Tangu hapo, kila aliyevaa kofia ngumu na kushika karatasi alikuwa na kesi ya kujibu kwa Mzee Hapana.

Sasa wakubwa hao hao walikuwa wanamtoa. Nyumba za upande wake zilikuwa zinabomolewa, na wenye nyumba walipewa fleti ndani ya jengo lile lile. Yeye alipangiwa ghorofa ya tisa. Binti alimpeleka kuiona, na mzee akaenda kama mkaguzi anayekwenda kumkamata mwizi.

Alipapasa kuta kwa kiganja akitafuta bonde. Hakulipata. Alifumba jicho moja akachungulia pembe ya ukuta kutoka juu hadi chini. Imesimama wima kama askari wa gwaride. Alifungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu hadi yakamrukia shati. Milango ilijifunga yenyewe bila kelele. Sebuleni jua lilikuwa limeingia lote, limetandazwa sakafuni kama mkeka, hakuna wa kulifunika.

"Haya," binti alisema, "kasoro iko wapi?"

Mzee aliipata kasoro wakati wa kushuka. Walipoingia kwenye lifti, alinyoosha mikono yake miwili, na ncha za vidole zikagusa ukuta huku na huku.

"Kitanda kitapita wapi?"

Binti aliitazama lifti. Akatoka, akatazama ngazi zinavyojikunja. Nazo zilikuwa nyembamba.

"Waliochora jengo hili wanalala wamesimama," mzee akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuonekana ana furaha.

Kitanda chenyewe kilikuwa na mambo yake. Mkewe ndiye aliyekitaka kipana, kwa sababu, alisema, mumewe analala kama mtu anayeogelea. Seremala akaletewa mbao nzito, akakijenga humo humo chumbani, viungo vya kuchomekana na gundi, bila msumari. Alipomaliza na kukusanya vifaa vyake ndipo watu walipogundua kwamba kitanda ni kipana kuliko mlango, na hakitatoka humo milele. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Basi, baba," akamwambia mumewe, "mimi na wewe hatuhamishiki tena."

"Kitakatwa katikati, kikaungwe huko juu," binti alisema walipofika nyumbani. "Mafundi wamejaa."

"Nikate mimi kwanza."

"Wewe huungiki, baba. Utatoka umepinda zaidi."

"Kitanda cha mama yako kisipopanda kizima, sihami. Waje na tingatinga lao wanikute nimelala juu yake."

Binti hakucheka. Alimjua baba yake: hapo hakuwa akitania. Na tingatinga lilikuwa linakuja kabla ya wiki kuisha.

Mzee akatoka na kiti chake kwenda kununa juani. Ng'ambo, winchi ilikuwa inapandisha mzigo wa vioo vya madirisha. Ulipanda, ukazunguka, ukaingia ghorofa ya tisa kwa upande wa roshani, ambako vizuizi vilikuwa havijafungwa bado. Wanaume wawili wakaupokea kama mgeni. Mzee alitazama, akasahau kusogeza kiti, kivuli kikamfunika mpaka magotini.

Jibu lilikuwa pale. Shida ni kwamba lilitaka kuombwa. Na Mzee Hapana hakuwahi kuwaomba wakubwa kitu chochote; alikuwa amewakatalia tu.

Asubuhi alivaa shati lake la heshima, akavuka barabara. Msimamizi wa ujenzi, ambaye kila mtu alimwita Injinia, alikuwa mwanamume wa makamo mwenye macho ya mtu anayelala kidogo. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, winchi ni ya vifaa vya ujenzi. Samani za watu, hapana."

Mzee alisimama akilisikia neno lake mwenyewe likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Halikuwa tamu.

"Injinia, huyu ndiye mzee wa kiti," sauti ilisema nyuma yao. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye chupa ya chai kwapani, akijiandaa kupanda kazini. Vijana walimwita Mwewe, kwa kuwa ndiye dereva wa winchi na hakuna kilichompita. "Shikamoo, baba. Mimi nakufahamu sana. Nakuona kutoka kule juu unavyolikimbiza jua uani kwako. Siku ukichelewa kutoka, nauliza kwenye redio kama kuna mtu anajua hali yako."

"Kumbe nachunguliwa."

"Kazi yangu ni kutazama chini, baba. Anayekaa huko chini sikumchagua mimi." Kisha akamgeukia msimamizi. "Vioo vimeisha, Injinia. Kesho winchi haina mzigo, na baada ya hapo tunaanza kuifungua. Kitanda ni mbao. Mbao tumepandisha mwaka mzima."

Injinia alitazama juu, akatazama ng'ambo. Mzee alisubiri kuambiwa arudi wiki ijayo, alete barua, amwone fulani. Badala yake Injinia akasema, "Nionyeshe."

Akaja mwenyewe. Akaingia chumbani, akavua viatu mlangoni, akalala chali chini ya kitanda na shati lake safi, akawa anagonga viungo kimoja kimoja. Alitoka na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Seremala aliyekitengeneza yuko wapi?"

"Alishafariki."

"Pole. Ningempa kazi leo." Akajipangusa. "Kitapanda. Ila kwa masharti yangu, mzee wangu. Utavaa kofia ngumu. Utasimama nyuma ya kamba. Na hutasema neno mpaka kitue."

"Mawili ya kwanza atayaweza," binti alisema.

Kesho yake asubuhi walitoboa ukuta wa chumba. Nyundo ya kwanza alipiga mzee, kwa sababu plasta ile aliipiga kwa mkono wake mwenyewe, na hakutaka mgeni aitie jeraha. Iligoma kwanza. Vijana wakatazamana. "Hii uliichanganya na nini, mzee?" mmoja akauliza. Mzee alikaza mdomo asitabasamu.

Kitanda kikatoka nje kwa mara ya kwanza tangu kizaliwe. Juani kilionekana kikubwa kuliko kilivyokuwa ndani, mbao zake nyekundu, upande mmoja umelainika kuliko mwingine. Walikifunga mikanda, wakatia kamba mbili za kukiongoza. Injinia alikagua kila fundo, akafungua moja, akalifunga upya. Kisha akapaza mkono, na huku na huku mtaani vijana wenye bendera wakafunga barabara. Magari yakasimama. Watu wakatoka madukani.

Kitanda kikaacha ardhi.

Kilipanda bila kutikisika, kikapita waya za umeme, kikapita paa, miguu yake minne ikining'inia hewani kama ya ng'ombe anayevushwa mto. Karibu na ghorofa ya sita upepo ukakinasa. Kitanda kipana ni kama tanga. Kikaanza kuzunguka, polepole, kisha si polepole. Watu wa kamba wakajivuta nyuma. Mzee alihisi ulimi wake ukipanda wenyewe kutaka kupiga kelele, akauma meno.

Kule juu Mwewe hakuvuta wala kushusha. Alisimamisha kila kitu, akasubiri. Injinia naye mkono juu, hakutikisika. Mtaa mzima ulinyamaza, magari yamezima injini, mwenye baiskeli ameshuka, na katika ukimya ule mzee akaona jambo: huu ulikuwa mtaa ule ule. Kumbe ulikuwa unafungika na kufunguka kwa ajili ya mtu mmoja. Alihitajika tu mtu wa kupaza mkono.

Upepo ukachoka. Kitanda kikajinyoosha. Mwewe akakipandisha tena, akakizungusha kwa upole hadi kikaelekeza kichwa ndani, akakiingiza roshani ya ghorofa ya tisa bila kugusa ukuta. Wale wawili wakakipokea. Chini watu wakapiga makofi, na mzee akajikuta naye mikono yake inagongana.

"Sasa unaweza kusema, mzee wangu," Injinia akamwambia.

Mzee alivua kofia, akaigeuza mikononi.

"Mke wangu alifia kwenye mtaa huu. Mlikuwa mmeuchimba."

Injinia akamgeukia. "Mimi sikuwepo, mzee."

"Najua hukuwepo. Ndilo kosa lenu, hampo." Akamrudishia kofia yake. "Leo ulikuwepo."

Hakusema asante, na Injinia hakuisubiri. Walisimama pamoja wakitazama ndoano tupu ikishuka.

Asubuhi iliyofuata binti alimkuta baba yake roshani, vizuizi vimeshafungwa, ameketi kwenye kiti chake. Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, upande wa dirishani, ule wa mama, haujalaliwa. Mbele yao mafundi walikuwa wameanza kuifungua winchi, kipande kwa kipande, na Mwewe, aliyekuwa chini safari hii akiwaelekeza, aliinua uso akampungia mkono. Mzee akampungia.

"Haya, baba. Umepaonaje?"

Mzee alitafuta. Alitazama dari, akatazama pembe za ukuta, akatazama mji uliotapakaa chini na nguzo changa za majengo mengine zikichipuka huku na huku.

"Lifti ni ndogo," akasema.

Binti akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, jua lilikuwa limepanda juu sana, na kiti kilikuwa pale pale.