Sauti Ilibaki kwa Msimamizi wa Kwanza

Zaitun alihesabu nzi weupe asubuhi kabla jua halijapanda, kwa sababu likipanda huruka. Aligeuza jani la muhogo polepole, akahesabu walio upande wa chini, akaandika idadi yao, akaenda shina linalofuata. Shamba lake la kwanza la majaribio lilikuwa Heru Juu, Kasulu, nyuma ya nyumba ya wazazi wake. La pili lilikuwa Kibondo. Ilikuwa Februari 2013, mwaka wake wa kwanza wa shahada ya uzamili.

Zaitun alikuwa amemchagua msimamizi wake kwa kuangalia gari. Walimu wawili walikubali kumpokea. Dokta Kipriani alisoma kila ukurasa wa wanafunzi wake, lakini alisafiri kwa basi. Dokta Saady alikuwa na gari la mradi, na barabara ya Kasulu hadi Kibondo ilikuwa ya vumbi tupu. Zaitun alimtafuta Gharibu, aliyewahi kusimamiwa na Dokta Saady, akamwuliza ni mtu wa namna gani. Gharibu hakuwa na sauti. Aliandika kwenye karatasi: Gari lipo kweli. Zaitun alimshukuru, akaenda kujaza fomu.

Sauti ya Zaitun iliondoka mwezi wa kumi na moja, siku ambayo Dokta Saady alisimama mkutanoni Dar es Salaam kueleza matokeo ya Heru Juu. Zaitun alikuwa shambani na mama yake, Mwanaamina. Alifungua mdomo aombe kamba, hakikutoka kitu. Mama alimpa kamba.

Kesho yake mchana walikuwa wameketi barazani wakisikiliza kipindi cha wakulima. Mtangazaji alisema leo tunaye Dokta Saady. Halafu sauti ya Zaitun ikasema, "Ahsante, ndugu mtangazaji. Tumehesabu nzi kwenye mashina mia nne."

Baba yake, mzee Lukmani, alikuwa haoni kwa sababu ya mtoto wa jicho. Watu aliwatambua kwa sauti zao.

"Zaitun huyo!" alisema, akapiga paja.

"Wamesema ni Dokta Saady, baba Zaitun."

"Waseme watakavyo. Sikiliza anavyojidai na hizo namba. Kama shangazi yake kabisa."

"Zaitun yuko hapa mkekani," alisema Mwanaamina. "Ni sauti tu iliyokwenda."

"Nimepofuka macho, mama Zaitun, si masikio. Mtoto yuko redioni."

Zaitun alimshika mkono. Mzee aliupapasa, akasema, "Karibu, mgeni."

Januari Zaitun alikwenda chuoni kubadilisha msimamizi. Karani alimpa fomu bila kuuliza sababu.

"Kubadilisha si shida, dada. Shida ni saini ya huyo unayemwacha."

Ukurasa wa pili ulikuwa na sehemu ya vitu vinavyobaki kwa msimamizi wa awali. Karani alimjazia: takwimu za msimu mmoja, madaftari manne, sauti.

Zaitun aliandika pembeni: Mpaka lini?

"Mpaka makala yake itoke. Usinitolee macho, wewe umewahi. Wapo wanaokuja baada ya miaka minane."

Saini ilichukua miezi mitano. Dokta Kipriani alimpokea, akamwambia wapande upya kwa sababu nzi wale hawakuwa wake tena. Alikuja Kasulu kwa basi, akachafuka vumbi mpaka kope, akasoma rasimu yote akiwa amekaa juu ya ndoo.

Lakini kabla ya saini kupatikana, mwezi wa nne, mvua zikiwa nyingi, mzee Lukmani aliugua. Zaitun alifika Jumatano, akakaa kando ya kitanda, akamshika mkono siku mbili.

"Mgeni huyu ana mikono ya mkulima," alisema mzee. "Mpeni chakula. Zaitun akimaliza huko redioni atakuja."

Kila mtu aliyeingia alimwambia kwamba aliyemshika ni Zaitun. Aliwajibu kwa upole kwamba hapaswi kudanganywa mtu anayekufa. Ijumaa asubuhi alifariki akimngoja binti yake.

Agosti 2015 Dokta Saady alipita Heru Juu na wageni wa mradi, akiwaonyesha shamba la kwanza. Mwanaamina aliinama, akapiga makofi, akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye." Dokta aliitikia kwa sauti ya Zaitun. Simu yake ilipoita aliipokea kwa sauti yake mwenyewe, nzito kidogo, kisha akaendelea na ile nyingine.

"Dokta, tunaomba sauti ya mtoto," alisema Mwanaamina.

"Makala iko kwa wahariri, mama. Wametaka marekebisho."

"Basi tuazime dakika tano tu. Baba yake yuko pale nyuma ya migomba. Hakujua kwamba mtoto alikuja."

Dokta Saady alitazama saa. Hakuwa mtu mbaya. "Dakika tano zipo," alisema.

Zaitun alichana ukurasa kwenye daftari jipya, akaandika, akampa. Dokta aliupitia kwanza kimya, kalamu mkononi, kama alivyozoea kupitia kazi za wanafunzi. Mahali pamoja aliongeza tarehe. Sentensi ya mwisho, iliyosema *Najua unanisikia*, aliikata kwa mstari mmoja.

"Hii haina ushahidi," alimwambia.

Walisimama watatu mbele ya kaburi. Dokta Saady alisoma vizuri, bila haraka:

"Baba, ni mimi Zaitun. Yule mgeni aliyekushika mkono alikuwa mimi. Nilifika Jumatano, tarehe mbili Aprili, na sikutoka mpaka ulipofunikwa. Sikuwa redioni."

Mwanaamina alingoja.

"Na iliyobaki?" aliuliza.

"Imeishia hapo, mama," ilisema sauti ya mwanawe.

Dokta aliukunja ukurasa, akautia kwenye faili lake, akawaaga wote wawili kwa mkono. Wageni walikuwa wameshapanda gari, nalo lilikuwa linakwenda Kibondo kwenye shamba la pili. Lilipogeuka barabarani vumbi lilitimka, na Zaitun na mama yake wakaisikia sauti ya Zaitun ikimwambia dereva apandishe kioo.