Picha Zinazongoja Siku Yake

Asubuhi Sidonie alimwamuru wakala wa akili bandia apunguze mafaili, kisha akashika kazi nyingine bila wasiwasi wowote. Wakala huyo ndiye aliyetunza, kwenye hifadhi ya mtandaoni, picha za watu waliochukuliwa na mafuriko, kila kijiji cha bonde la Ruzizi na kabrasha lake. Hakuwa na macho ya kuiona ofisi yao ya Uvira, wala masikio ya kusikia kilio. Alijua tu maelezo aliyoandikiwa na Sidonie kuhusu kila chombo cha kazi. Kwenye chombo cha kufuta aliandikiwa: "Huondoa mafaili yasiyotumika." Basi. Damien, mkubwa wa ofisi, aliyasifu kwa ufupi wake.

Mama Apollinarie wa Runingu akaingia, kitambaa cheusi kichwani.

"Sidonie, leo tunatosha matanga ya mutoto wangu Olive, tunayamaliza. Miye nakuya kutafuta foto yake. Zetu zote zilienda na maji, njo ile tu ya kwenu inabakia."

"Hamukuifungua hata siku moya?"

"Weye! Tuifungue namna gani, na matanga ilikuwa haiyaisha? Kwetu hatuangaliake sura ya mufu mbele ya siku yake. Uwimana wa Kiringye naye njo vile, kwa mutoto wake. Tumekuya pamoja, iko inje ananunua sukari."

Sidonie akakumbuka amri yake ya asubuhi. Kwa wakala, kisichofunguliwa hakitumiki. Mtume mgeni jikoni akatupe visivyotumika, atatupa na mahindi ya mbegu uliyoyaning'iniza juu ya moshi, na kosa halitakuwa la mgeni. Yeye mwenyewe mtoto wa bonde, matanga anayajua, na bado aliandika vile!

Akafungua kompyuta. Mtandao hakuna. Ila kukatika huko hakukumzuia wakala. Yeye alikuwa kwingine, anaendelea, mtiifu, hachoki. 

"Damien! Nipe telefone yako, ile ya laini ya Burundi!"

"Kuko nini?"

"Wakala iko nafuta wafu!"

Simu ikashika mtandao wa ng'ambo ya mpaka, ikaacha, ikashika tena. Mama Apollinarie alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Olive wangu iko wapi?" 

Hatimaye ukurasa ukafunguka. Sidonie akaandika: Simama.

"Nimesimama," wakala akajibu kwa adabu. "Kiringye nimemaliza kufuta. Nyakabere na Runingu sijagusa."

Rudisha Kiringye.

"Yaliyofutwa kwa chombo hiki hayarudi. Maelezo hayakuniagiza niulize kwanza."

Sidonie akafungua kabrasha la Runingu. Olive akatokea, na sare yake ya shule, anacheka. Mama Apollinarie akaibusu simu, akalia, akamshukuru Mungu, akamkumbatia Sidonie kwa nguvu. Sidonie alitaka kulia naye, lakini alikuwa anawaza Kiringye. Damien alikuwa akitazama sakafu.

Mlango ukasukumwa. Uwimana wa Kiringye akaingia na mfuko wake wa sukari, akamwona mwenzake analia kwa furaha, naye akaanza kutabasamu.

"Mumeipata?" akauliza, akivuta kiti. "Aya, munionyeshe na wangu."