Jibu Alilorudisha Mjomba

Isabela hakuwahi kupanda treni maishani mwake, lakini ile ya Morogoro kwenda Dar es Salaam aliijua kuliko barabara ya kwenda kwa wajomba zake Newala. Alijua inaondoka saa ngapi alfajiri, na kwamba ukichelewa getini haikungoji hata uwe nani. Alijua ni upande gani wa behewa jua linapiga usoni asubuhi. Yote hayo aliyapata kwenye simu, akiwa amelala kitandani kwake Mkomaindo, hapa hapa Masasi, mji ambao reli yake iling'olewa mama yake akiwa bado anabebwa mgongoni.

Kilichomtia wazimu wa treni ni kazi. Scholastika, waliyesoma naye chuo cha maabara, alikuwa msimamizi katika hospitali moja ya binafsi Dar es Salaam, na nafasi ilipotokea akampigia Isabela kabla ya mtu mwingine. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye bima, yenye mashine ambazo Isabela alikuwa akiziona kwenye vitabu tu. Pale Masasi alikuwa amejishikiza kwenye zahanati ya mtu, kwa mkataba wa miezi michache, na kila ulipokaribia kwisha mwenye zahanati alimkumbusha kuwa wenye vyeti wamejaa mitaani. Maneno hayo alikuwa ameyameza hadi yakamkaa kooni.

Kikwazo kilikuwa mama. Bi Helena alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguuni kilichokuwa kikifunga na kufunguka kama duka. Kliniki alipelekwa Ndanda, na aliyempeleka ni Isabela. Tena kulikuwa na Arthur, mwanawe, aliyekuwa darasa la nne, ambaye baba yake alishaoa Tunduru na kusahau njia ya kurudi. Kuwaacha hawa wawili hakuweza, na kuwabana kwenye chumba cha kupanga Dar hakutaka.

Hapo ndipo Morogoro ilipoingia. Dada yake, Yuster, ameolewa huko, anakaa Kihonda, na uani kwake kuna vyumba viwili visivyokaliwa na mtu. Stesheni haiko mbali. Isabela angehamia pale na mama na mtoto, akawa anakwenda Dar kwa treni na kurudi. Scholastika alikubali kumpangia zamu za kufuatana, ili akienda afanye kazi mfululizo, kisha apumzike nyumbani siku za kutosha. Yuster naye alisema leteni mama, hospitali huku zipo, na mimi pia ni mtoto wake.

Isabela aliipima safari hiyo kwa kila upande. Nauli ingemla, hilo alilijua. Usingizi ungempungukia. Arthur angeamka siku nyingine akute mama hayupo. Lakini kila alipoweka yote hayo upande mmoja, na upande wa pili akaweka sura ya yule mwenye zahanati, treni ilishinda. Usiku alijiona ameketi dirishani, koti lake jeupe limo ndani ya mfuko, si mtu wa kuambiwa wenzako wako mtaani. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtisha kidogo.

Basi angejibu ndiyo siku ile ile, mambo yakaisha. Lakini Isabela alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza.

Baba yake marehemu alikuwa mtu wa Masasi, wa familia za kanisa, lakini mama yake ni Mmakonde wa Makote, huko Newala, na kwao mtoto ni wa mjomba. Baba anakuzaa, mjomba ndiye mwenye wewe. Ukiumwa anaulizwa mjomba, ukiolewa anaulizwa mjomba, na msichana akiposwa hafungui mdomo wake kukubali wala kukataa. Jibu hurudishwa na mjomba. Isabela mwenyewe aliolewa hivyo. Kwa hiyo jambo kubwa la kumwondoa mama, dada wa watu, Masasi na kumpeleka Morogoro hangeweza kulifanya kimya kimya. Alimpigia mjomba Nikolao, kaka wa Bi Helena, akaeleza.

"Hilo ni la kukaa," mjomba akasema. "Lakini sasa hivi tunapulizia. Mikorosho haingoji, mwanangu."

Ikawa kungoja salfa, dawa ya mikorosho, iishe. Scholastika akipiga simu Isabela anamwambia bado kidogo, kuna wazee. Scholastika ni Mhaya wa watu, hakuelewa ni wazee gani hao wanaohusika na maabara, lakini akavumilia.

Siku ya kikao walipanda mlima kwenda Makote, Isabela na mama yake, Arthur akabaki kwa jirani. Mjomba alitoka shambani moja kwa moja, nguo zina rangi ya njano na harufu ya dawa imetangulia mbele yake. Wakakaa mkekani pamoja na mama mdogo Ethel na ndugu wengine wa ukoo. Bi Helena alikaa pembeni, mguu ameunyoosha. Chai na ming'oko, viazi vya porini vya huko kwao, vililetwa na Queen, binti wa mjomba. Queen naye alisomea maabara, akamaliza, akarudi kijijini kuokota korosho na kuchota maji. Alimpigia Isabela magoti, akasema, "Shikamoo, dada," akatoka. Kwa taratibu za ukoo Queen hakuwa na la kufanya pale. Yeye si wa ukoo ule. Ni wa ukoo wa mama yake, wajomba zake wako Kitangari, na wao ndio wa kumhangaikia.

Isabela akaeleza yote: kazi, vyumba vya Yuster, zamu, treni. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu. Alipofika kwenye treni alitabasamu bila kujua.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. "Treni ilikuwepo hapa," akasema. "Baba yetu aliipanda. Kisha wakang'oa vyuma wakaenda navyo, hatukuambiwa kwa nini. Kitu kama hicho ndicho unataka kukitegemea uende kazini?"

"Hii ni mpya, mjomba. Ya umeme."

"Umeme." Watu wakacheka, maana umeme wa Makote walikuwa wanaujua. Mjomba akangoja kicheko kiishe. "Mimi sina ugomvi na treni. Nina ugomvi na mtu anayelala mkoa huu na kufanya kazi mkoa ule. Mgonjwa akizidiwa wewe uko wapi? Uko njiani. Halafu huyu dada yangu amemzika mumewe Masasi, mama yetu amelala hapa Makote. Leo umchukue ukamweke uani kwa mkwe wake? Akifa, turudishe maiti kwa hiyo treni?"

Mama mdogo Ethel akaguna kukubaliana. Mwingine akasema watoto wa siku hizi wanapenda mbio. Isabela akatazama mkeka. Alikuwa na majibu ya yote hayo, ameyaandaa miezi mizima kitandani, lakini mpwa habishani na mjomba mbele ya ukoo, na hasa mpwa mwenye mama mgonjwa. Kila alichotaka kusema kilionekana kama kusema kwamba amemchoka mama yake. Akamtazama mama, Bi Helena alikuwa anatazama kidonda chake.

"Nimesikia, mjomba," akasema mwishowe.

"Vizuri. Umenipa heshima, na mimi nitakupa yako. Kazi hii imekufuata nyumbani kama posa, si vizuri ikataliwe na mwenye kuposwa. Nipe namba ya huyo rafiki yako. Jibu nitalirudisha mimi."

Watu wakafurahi sana. Mama mdogo Ethel alisema sasa huo ndio ukoo. Na Isabela, pamoja na moyo uliokuwa unamuuma, aliona kitu hicho ni kizuri. Aliona hatabeba aibu ya kumkatalia Scholastika kwa mdomo wake. Alitoa simu, akamsomea mjomba namba, akairudia taratibu ili asikosee.

Walishuka Masasi jioni ile ile. Isabela alirudi zahanati, akasaini mkataba mwingine mfupi. Scholastika hakupiga tena, na Isabela kwa aibu hakumtafuta. Mambo ya treni aliyaacha. Ikitokea kwenye simu aliisogeza kwa kidole.

Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka Yuster alipopiga.

"Mgeni wako amefika salama," akasema. "Ila ungeniambia mapema, ningepaka rangi kile chumba."

"Mgeni gani?"

"Queen, si Queen? Mjomba alisema kwa kuwa wewe umeshindwa kwa ajili ya mama, umemwachia mdogo wako kazi, na chumba pia. Nikasema Isabela ana roho nzuri, mimi nisingeweza. Kesho anaanza. Nimemwonyesha stesheni."

Isabela alikata simu bila kuaga. Akampigia Scholastika, naye akasema hayo hayo: mzee mmoja mstaarabu sana alimpigia, akasema mpwa wake hawezi, lakini amemchagua mdogo wake ashike nafasi yake. "Nilimchukua kwa ajili yako, shoga yangu." Isabela akasema asante.

Kisha akampigia mjomba. Hakumwamkia, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema.

"Kazi ilikuwa inapotea," mjomba akasema, wala hakusubiri kuulizwa. "Wewe umekwishakataa."

"Nilikatazwa."

"Umekataa mbele ya watu, mwanangu. Basi iende kwa Wachaga? Yule mtoto yuko nyumbani anaota kutu, na hao wajomba zake wa Kitangari hawana habari naye. Nami ni mzazi."

"Na yeye atalala mkoa ule na kufanya kazi mkoa huu?"

Mjomba akakohoa. "Yeye hana mgonjwa," akasema.

"Mbona hukusema pale mkekani? Mbona hukusema namba ile unamtakia nani?"

"Ningesema, ungenipa?"

Isabela aliikata na simu hiyo. Alikaa kwenye stuli ya jikoni akilia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni alikuwa nayo tangu Makote. Taratibu za ukoo zilizomfunga yeye mdomo ndizo mjomba alizoziruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Kwa mpwa alikuwa mjomba, kwa binti akawa baba, na kote alichukua alichotaka. Na namba alipewa na nani? Na yeye mwenyewe, tena kwa kurudia.

Bi Helena alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Akatoka akiburuza mguu, akakaa.

"Mimi ningekwenda Morogoro," akasema.

Isabela akamtazama.

"Ningekwenda. Nimechoka na barabara ya Ndanda. Na Yuster sijamwona mwaka wa ngapi. Ningekaa huko, nikifa nizikwe huko huko, ardhi ni ardhi. Pale Makote walisema mguu wangu, kifo changu, maiti yangu. Hakuna aliyeniuliza. Na wewe hukuniuliza, mama Arthur. Ulimuuliza kaka yangu."

Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. Isabela alikumbuka yale mausiku yote akiwa na treni mkononi, na mama chumba cha pili, ukuta mmoja tu. Alikuwa ameuliza saa, nauli, geti, jua. Alimpima mama yake kama mzigo, uzito wake na mahali pa kumweka, wala hakuwahi kugonga ule mlango. Hilo hakuweza kumsingizia mjomba, na lilimuuma kuliko yote.

Asubuhi iliyofuata ujumbe wa Queen uliingia Isabela akiwa anavaa kwenda zahanati. Ulikuwa na picha ya dirisha la treni na kidole gumba kimeziba kona. "Dada, baba amesema wewe ndiye uliyenichagua, Mungu akulipe. Samahani, ni upande gani jua halipigi?" Isabela alisoma mara mbili. Mtoto wa watu hakuwa na kosa. Akamjibu: kaa kushoto. Kisha akafuta ile picha.

Mjomba alikuja Mkomaindo korosho zilipokwisha kuuzwa, kama alivyofanya kila msimu. Isabela alirudi kutoka kazini akamkuta barazani, kapu la ming'oko miguuni, viatu amevivua pembeni, anaongea na Bi Helena habari za mvua. Mjomba ndiye pekee aliyekuwa anaongea. Alipomwona Isabela akanyoosha mkono, uso umejaa tabasamu la mtu anayedhani muda umefanya kazi yake.

Isabela aliweka mfuko chini. Akapiga magoti kama alivyofundishwa, akaushika mkono ule kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Baba Queen."

Mjomba hakuitikia. Baba Queen ni jina la majirani, la watu wa sokoni, la mtu yeyote anayepita. Wapwa zake hawakuwahi kumwita hivyo. Alimgeukia dada yake amkanye mtoto, maana kuitwa mjomba ilikuwa haki yake, na adabu ya nyumba ile ilikuwa mikononi mwa dada yake.

Bi Helena aliurekebisha mguu wake juu ya kigoda, bila haraka.

"Umesalimiwa, Baba Queen," akasema. "Itikia."

Akaitikia. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake.