Milimita Tatu

Kituoni walimwita Sista Rula, na hakukasirika, maana jina la utani likikupata umeshavuka miaka hamsini huna tena mbio za kulikimbia. Alikuwa muuguzi bingwa wa vidonda, wa pekee katika mkoa mzima. Wenzake walisomea moyo, wengine macho, wengine watoto wachanga wenye mashavu ya kufinya. Yeye alisomea vidonda, miaka miwili juu ya ile ya mwanzo, na siku ya kuhitimu kaka yake mkubwa alimwuliza mbele ya watu, "Sasa wewe tukuite daktari wa plasta?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka. Siku hizo alikuwa bado na watu wa kucheka nao.

Kazi yenyewe haikuwa ya kukaa. Mkoa uliamua kwamba mgonjwa asiifuate hospitali, hospitali imfuate mgonjwa. Maneno matamu hayo, yaliandikwa kwenye bango kubwa getini. Bango halikusema kwamba hospitali inayofuata watu ni mwanamke mmoja, gari dogo jeupe lenye mlango wa nyuma usiofunguka, na begi. Ndani ya begi kulikuwa na chachi, bandeji za kubana, maji ya chumvi, glavu na bunda la rula za karatasi za kupimia vidonda. Rula moja kwa mgonjwa mmoja, kisha inatupwa. Mtu akimwambia "Sista, kidonda changu kikubwa," yeye hujibu, "Kikubwa ni kipi? Mimi najua sentimita nne na nusu kwa tatu."

Orodha yake ilikuwa na watu thelathini, na sheria yake ilikuwa moja tu: haingii mtu mpaka atoke mtu. Kutoka kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza, kidonda kimefunga: unaandika sifuri, faili linafungwa, huendi tena. Ya pili tusiitaje, tusijitie uchuro.

Jumanne saa nne asubuhi ilikuwa ya Mama Haloo.

Mama Haloo alikuwa opareta wa simu kwa miaka thelathini na moja, enzi zile ambapo ukitaka kuongea na shangazi yako mji wa pili ilibidi kwanza umbembeleze mwanamke usiyemwona. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, mume kaburini, watoto hakujaliwa, na kidonda juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Siku ya kwanza kilikuwa kama kiganja cha mkono. Hiyo ni miezi kumi na minne iliyopita.

Sista Rula akigonga, sauti ilitoka ndani, nyororo, ya kazini:

"Haloo! Nikuunganishe na nani?"

"Na mguu wa kushoto."

"Subiri kwenye laini."

Halafu fimbo, ko, ko, ko, mpaka mlangoni. Kila Jumanne hivyo hivyo, na kila Jumanne wote wawili walicheka kana kwamba mzaha umezaliwa asubuhi hiyo.

Kufungua bandeji, kuosha, kupima na kufunga upya ni kazi ya dakika ishirini. Kwa Mama Haloo ilichukua saa nzima, chai ikiwemo. Bibi huyu alikuwa amesikia kila kitu: posa, talaka, mtu aliyejifanya yuko safarini kumbe anapiga simu kutoka jengo la jirani. "Siri za watu ninazo kichwani mpaka leo," alikuwa akisema, "na wenyewe wameshakufa. Sasa nimrudishie nani?" Sista Rula, akiwa amepiga magoti na mguu wa watu mapajani, alicheka mpaka bandeji ikamponyoka.

Maana nyumbani kwake hakukuwa na wa kumchekesha. Vyumba viwili, jiko, na televisheni iliyokuwa ikiongea peke yake kama mgeni asiyejua kuaga. Mwanawe wa pekee alikuwa kazini mbali, mtoto mzuri, hana baya. Kila Jumapili alituma ujumbe: *Mama, upo?* Mama akajibu: *Nipo.* Mtoto akarudisha picha ya kidole gumba. Mazungumzo yamekwisha, tukutane Jumapili ijayo, kidole gumba kikipenda.

Basi ikaja Jumanne moja, akafungua bandeji, akakuta ngozi.

Ngozi nzima, ya waridi, laini kama utando wa kitunguu. Hakuna unyevu, hakuna tundu. Miezi kumi na minne ya kazi! Bingwa mwingine angepiga vigelegele. Sista Rula alibaki pale pale magotini, rula mkononi, akahesabu: leo atatia sahihi, Jumanne ijayo saa nne mlango huu atapita mbele yake kama milango mingine.

"Mbona kimya?" Mama Haloo aliuliza. "Kimeharibika?"

"Hapana, mama." Akaiweka rula juu ya kunyanzi dogo la ngozi, kunyanzi ambalo hata mtoto mchanga analo. "Kinaendelea vizuri. Zimebaki milimita tatu."

"Tatu?"

"Tatu."

Mama Haloo aliutazama mguu, akamtazama muuguzi. "Si haba," akasema. "Jumanne, basi."

Jumanne ya pili, milimita tatu. Ya tatu, milimita tatu. Kidonda, kama mtoto, kinakua au kinapungua. Hiki ndicho cha kwanza duniani kukaa kitako kikisubiri Jumanne.

Mratibu wa orodha alikuwa kijana mcheshi ambaye Sista Rula mwenyewe alimfundisha kazi, mpaka namna ya kushika rula. Kila Ijumaa alipiga simu. Ijumaa ya kwanza alisema, "Sista, nina fundi hapa, mpiga lipu. Ana kisukari, na kidonda kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Anakaa upande wako wa Jumanne. Kuna wa kutoka?"

"Bado."

"Hata yule mama wa milimita tatu?"

"Bado, nimekwambia."

Ijumaa ya pili akauliza tena. "Hizo milimita zina kiburi! Zinalipa kodi ya pango hapo mguuni?"

"Zikifunga nitakwambia."

Kijana akacheka, akaacha. Nani abishane na rula?

Ijumaa ya tatu hakuwa na mzaha. "Yule fundi mtoe kwenye hesabu zako. Kidole kimekuwa cheusi. Yuko hospitali, Jumatatu wanakikata." Akavuta pumzi. "Usijali, Sista. Si kosa la mtu. Orodha ilijaa."

Si kosa la mtu. Afadhali angemtukana.

Jumamosi mchana Sista Rula alikaa mezani, televisheni ameizima, akachomoa rula moja kwenye begi. Alikuwa amezitumia maelfu, na hakuwahi kuitazama moja kwa macho ya mtu wa kawaida. Milimita tatu ni vistari vitatu. Punje ya mchele ukiikata katikati inazidi hapo. Akaweka ukucha juu ya vile vistari, vikafunikwa vyote, akajiuliza kidole kizima cha mwanaume kimewezaje kupotelea mahali padogo hivyo. Jumapili simu ikalia: *Mama, upo?* Akaandika *Nipo*, akafuta. Akaandika *Mwanangu, nimefanya kitu*, akafuta. Akaandika *Nipo*. Kidole gumba kikaja.

Jumanne akagonga.

"Haloo! Nikuunganishe na nani?"

"Na mguu wa kushoto," alijibu, lakini sauti haikuwa na mzaha ndani yake, na fimbo ikaja taratibu kuliko siku zote.

Alipiga magoti, akafungua bandeji. Ngozi. Rula ilikuwa mkononi, na mkono haukwenda popote.

"Leo ngapi?" Mama Haloo aliuliza.

Sista Rula aliikunja rula mara mbili.

"Mwanangu, mimi nimekaa kwenye laini za watu miaka thelathini na moja. Mtu aliyemaliza la kusema lakini hataki kukata simu, namjua kwa pumzi tu. Wewe umemaliza wiki tatu sasa."

"Ulijua?"

"Mguu ni wangu! Kidonda kikiuma, kisipouma, nani wa kwanza kupata habari?"

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema, ungerudi kufanya nini?" Mama Haloo alitabasamu, akidhani mchezo wao umeishia hapo, kwenye kicheko. Alipoona mwenzake hacheki, akaweka fimbo chini. "Kuna nini?"

Sista Rula akamwambia. Mpiga lipu, kidole, orodha ya watu thelathini, haingii mtu mpaka atoke mtu. Alisema yote akiuangalia mguu, kama anauhutubia.

"Ana miaka mingapi huyo fundi?"

"Arobaini na moja."

Mama Haloo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaifuta tena ingawa ilishatakata.

"Kwa hiyo tumekula kidole cha mtu," alisema. "Mimi na wewe. Na chai juu yake."

"Wewe huna kosa, mama. Kalamu ilikuwa yangu."

"Na ulimi ulikuwa wangu. Usininyang'anye fungu langu." Akasukuma faili lililokuwa juu ya kiti mpaka magotini mwa muuguzi. "Andika."

Akaandika sifuri. Chini yake akaandika: *Kilifunga wiki tatu zilizopita. Kipimo cha siku ile na vya Jumanne mbili zilizofuata si vya kweli. Nilijua.* Akatia sahihi. Akamvisha soksi ya kubana, akamweleza aivae asubuhi kabla hajashuka kitandani, aivue usiku, ngozi ikibadilika rangi apige kituoni. Alieleza mara mbili, maana hakujua aseme nini kingine.

Mlangoni walisimama kidogo. Miezi kumi na minne, na hawakuwahi kuagana. Walikuwa wakisema tu "Jumanne".

"Haya," alisema Mama Haloo. "Nakata."

Mlango ukafungwa polepole sana.

Mratibu alilisoma faili siku hiyo hiyo, akapiga simu. Akasema, "Sista, rula umenishikisha wewe." Basi. Barua ya onyo ilikuja Alhamisi, mistari minne, adabu tupu. Nyuma yake ilifuata karatasi ya orodha mpya. Jumanne, saa nne asubuhi: mpiga lipu, ametoka hospitali, jeraha la kukatwa kidole.

Nyumba ya fundi ilikuwa na chumba kimoja chenye kuta zilizonyooka kama maji kwenye beseni. Alizipiga lipu mwenyewe. Alimkaribisha kwa bashasha, akanyoosha mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Usinihurumie, Sista. Kidole chenyewe kilikuwa cha mwisho, kivivu kuliko vyote. Tangu nizaliwe sijakiona kikifanya kazi." Akacheka. "Waliniambia wapo wenye hali mbaya kuliko mimi. Nikasema sawa, watangulie. Mwenye shida ndiye wa kwanza."

Angeweza kunyamaza. Barua ya onyo ilikuwa imeshakuja, hakuna aliyemdai zaidi ya hapo.

"Nafasi ilikuwepo, kaka," alisema. "Jumanne mbili. Mgonjwa wangu alikuwa amepona, mimi nikaandika hajapona. Nilitaka kuendelea kwenda kwake."

"Ndugu yako?"

"Hapana. Tulikuwa tunaongea."

Fundi alimtazama. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo, kama lipu mbichi iliyochanganywa vibaya inavyoteremka ukutani. Akageuza uso upande wa ukuta wake.

"Pima," akasema.

Akapima. Mbili na nusu kwa moja na nusu. Akaosha, akafunga. Fundi alivuta mguu, uso bado ukutani, na Sista Rula hakudai kwaheri. Alisema, "Jumanne," akachukua begi, akatoka. Alijua atarudi, na wiki ijayo ukuta utakuwa pale pale.

Jumamosi alitoka nyumbani kwa miguu. Mitaa yote aliijua kwa vidonda: hapa mgongo wa mzee aliyelala kitandani miezi sita, pale goti lililoungua, kule nyuma ya duka kisigino kilichopona vizuri mpaka akakipiga picha. Hakuna mlango mji mzima ambao hakuwahi kuugonga, na sasa, alipokaribia, aligundua kwamba hakuna hata mmoja aliowahi kuugonga bila begi.

Akafika kwa Mama Haloo. Mkono wa kushoto, uliozoea kubeba, ulining'inia tu. Akauweka kiunoni, ukaonekana unatafuta ugomvi. Akauweka nyuma, akafanana na mkaguzi. Akaenda mpaka kona, akarudi. Jirani aliyekuwa akianika nguo alimwuliza kama kuna mgonjwa. Akasema hakuna. "Sasa?" jirani akauliza, na hilo nalo lilikuwa swali.

Akagonga.

"Haloo! Nikuunganishe na nani?"

Jibu alikuwa nalo ulimini, lile la siku zote, lakini mguu wa kushoto ulikwisha kupona na faili lake lilikuwa kabatini. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Ndani nako kimya. Wanawake wawili, mlango katikati, na pumzi zao.

Angeweza kuondoka. Hatua alizijua, kumi na moja mpaka barabarani.

"Nakusikia," ilisema sauti ndani, safari hii si ile ya kazini. "Usikate."

Kisha fimbo, ko, ko, ko.