Sifuri za Januari

"Soma hapa chini," Mama Angélique alisema, kidole chake kikiwa kwenye pembe ya karatasi, mahali ambapo herufi zilikuwa ndogo kuliko zote. "Soma kwa sauti, Ingénieur, ba mama basikie."

Didier, mtaalamu wa kilimo wa shirika lililoleta mbegu, alikuwa ameshuka kwenye pikipiki dakika kumi tu zilizopita. Kalenda ya kupanda ilikuwa imefunikwa kwa plastiki na kuchorwa vizuri: jembe, shimo, punje mbili za mahindi, na tarehe, kuanzia ishirini Novemba hadi kumi Desemba. Akasoma kwa haraka. Pwani ya Msumbiji. Digrii kumi na tisa kusini. Mita nane juu ya bahari.

"Ni source tu, Mama. Projet ilianzia kule, na ilitoka muzuri sana."

"Mozambique iko nyuma ya Iga Barrière?" aliuliza Gertrude, présidente wa kikundi, akitaja mji mdogo wa jirani, na wanawake wakacheka. Walikuwa thelathini na wawili, wote wakimbizi wa Djugu, na shamba lao lilikuwa kipande cha ardhi kilichoazimwa na parokia pembeni mwa Bunia.

Angélique hakucheka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepima mvua kwenye kituo cha kilimo huko Djugu, kila asubuhi saa moja kamili. Siku kituo kilipochomwa alitoka na watoto, sufuria moja na daftari. Kwa siku kumi na moja za njiani daftari lilikuwa na vistari. Siku ya kumi na mbili, uani kwa dada yake, katika mtaa wa Rwambuzi, alifunga kopo la maziwa ya unga juu ya nguzo, akaazima rula ya shule, akaendelea kupima. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita.

"Kule bahari iko karibu, na mwaka iko na mvua moja," alisema. "Inaanza novembre, inaisha mars. Huku tuko karibu mita elfu moja mia tatu, digrii moja na nusu tu kutoka ikweta. Mvua inakuja mara mbili. Katikati ya décembre inaenda, inarudi mars. Mahindi ya leo itakunywa juma tatu, kisha itakunywa vumbi."

Akafungua daftari. Didier aligeuza kurasa kwa adabu, kama mtu anayeoneshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kurasa za kituo zilikuwa na muhuri, kila moja. Zilizofuata zilikuwa za daftari la shule.

"Hizi haziko na cachet, Mama."

"Mvua nayo haikuwa na cachet."

"Miye sipingi. Lakini bureau inataka photo ya shamba imepandwa mbele ya dix décembre. Kikundi isiyopanda inatoka kwa liste ya mbegu ya mars."

Gertrude akajifunga kitenge upya, polepole, jambo alilofanya kila alipokuwa anatafuta maneno.

"Angélique, dada yangu, najua unajua. Lakini weye uko na mvua, ule iko na liste. Tutapanda."

Thelathini na mmoja walipanda. Angélique alizichanganya kilo zake tano za mbegu na majivu makavu, akazifunga ndani ya bidoni, dumu la plastiki, na kuitundika kwenye boriti ya nyumba. Siku ya picha, mstari wake ulikuwa udongo mtupu. Didier alisogea kushoto hatua mbili, akauacha nje ya picha.

Mvua ya mwisho ya Desemba ilinyesha tarehe kumi na nne, milimita sita. Mahindi yalifika magotini. Kisha majani yakajisokota, yakawa ya kijani kibichi asubuhi na ya kijivu mchana, na kufikia Januari ishirini yalikuwa kijivu siku nzima. Daftari la mwezi huo lilikuwa na mvua nne ndogo, jumla milimita kumi na tisa. Mahali pengine pote, sifuri.

Mwanzoni mwa Februari Didier alirudi akiwa na fomu. Alitembea shambani bila kuinua macho, na hilo Angélique aliliona, akalihesabu upande wake mzuri.

"Mama, nilikosa. Ninakuambia hapa, siwezi kuiandika. Nikiandika kalendari ilikuwa mubaya, bakubwa batafunga projet. Nikiandika sécheresse, ukame, mabadiliko ya climat, mbegu ingine inakuja mars. Ninahitaji namba zako tu za janvier. Weye unatia sahihi." Akatoa muhuri kwenye mkoba. "Na hii nitagonga."

"Leo cachet imepatikana."

"Mama Angélique, tafazali."

"Sahihi ni kitu gani?" Gertrude alidakia. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Watoto ba nyumba thelathini na mbili! Weka sahihi, dada."

Angélique alikaa juu ya jiwe, akafungua kurasa. Alisoma kama anayeita majina darasani: Januari ya mwaka wa kwanza, milimita ishirini na mbili. Ya pili, kumi na moja. Ya tatu, thelathini na tano. Alisoma Januari zote ishirini na tatu, bila kupandisha sauti. Milimita kumi na tisa za mwaka huu zilikuwa katikati ya hizo zote.

"Sécheresse iko wapi?" aliuliza. "Hii ni janvier. Mvua haikukosa. Bakubwa bako walikosa, na unataka niiweke juu ya mvua kwa sababu haiwezi kujitetea. Chukua namba zangu, Ingénieur. Lakini chukua zote. Ukichukua moja, umeiba."

Didier alizungusha kalamu kati ya vidole. Mwishowe akarudisha muhuri mkobani, akakunja fomu bila kuandika kitu, akawasha pikipiki.

Siku nane Gertrude hakumsalimu. Siku ya tisa alikuja Rwambuzi asubuhi mapema, akasimama chini ya boriti, akiitazama bidoni.

"Kilo tano," alisema. "Tukigawa ya kupanda mars, kila nyumba inapata kikombe."

"Kikombe moja."

"Na hiyo liste?"

"Sijui."

Angélique alikuwa ameshachukua rula. Kopo lilikuwa na vumbi na nzi mmoja mkavu. Akaandika sifuri.

"Sababu ya nini unaandika kama hakuna kitu?"

"Nikiweka kistari, ni kusema hakuna mutu aliangalia. Zéro ni kusema niliangalia."

Tangu siku hiyo Gertrude alikuja kila saa moja. Mwishoni mwa Februari, usiku mmoja mabati yalitoa sauti kidogo, kisha yakanyamaza. Asubuhi waliinamia kopo pamoja. Vumbi la chini lilikuwa jeusi, na katikati kulikuwa na tone moja, lisilofika mstari wa kwanza wa rula.

"Inaitwa ngapi hii?" Gertrude aliuliza.

Angélique alifungua kalamu, akaishikilia juu ya karatasi: sifuri haikutosha, na moja ilikuwa nyingi. Nyuma yao, kwenye boriti ya nyumba, bidoni ilizunguka kidogo kwenye kamba yake, kisha ikatulia.