Drili kwa Bega la Mzee Vitalis

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mbinga iliamka na ukungu mzito na manyunyu ya baridi, na mimi na Mzee Vitalis, watu wa joto la ziwani, tulipita mitaani tumejikunyata kama kuku walionyeshewa.

Tulikuwa tumetoka Lituhi jana yake, tukalala kwa shemeji yangu Kilian. Kilichotuleta mjini ni kimoja: kununua drili ya betri kwa ajili ya karakana yetu ya boti. Nguzo za umeme hazifiki pale ufukweni tunapofanyia kazi, kwa hiyo drili ya waya haitufai. Kwenye mfuko wa salfeti nilibeba kipande cha mti wa mkongo, urefu wa mkono, ambacho nilikuwa nimekiloweka ziwani siku nne. Mzee Vitalis aliniuliza mara tatu kwa nini nabeba ukuni kuupeleka kwenye mji uliojaa kuni.

"Ni mtihani, baba," nilimjibu.

"Mtihani wa nani?"

"Wa drili."

"Aa. Nilidhani wangu."

Alisema kwa utani, lakini mimi nilijua palipouma. Mzee Vitalis ndiye aliyenifundisha kuunda boti. Miaka arobaini ametoboa mbao kwa keekee ya mkono, na bega lake la kulia limechoka. Boti moja ina matundu zaidi ya mia mbili ya bolti, na mengi unayatoboa ukiwa umelala chini yake, mikono juu. Siku ya Pentekoste, baada ya Misa, alituambia sisi mafundi wenzake: "Mkinunua drili nyingine ikafa kama ile ya kwanza, tezo langu namkabidhi Wendelin. Mimi nitakaa nyumbani nishone nyavu." Wendelin ni mimi, na hakuna aliyecheka. Mikono ile ikitoka karakanani, sisi tunaobaki tunajua mbao tu; yeye anajua boti.

Ile drili ya kwanza tuliinunua mwaka jana kwa mchuuzi mmoja mnadani. Kwetu tezo la kuchongea mbao huchaguliwa kwa kiganja. Unafumba macho, unaliweka kiganjani, unausikiliza uzito wake. Tezo jepesi hurukaruka juu ya mbao, zito huingia. Basi Mzee alifumba macho pale mnadani, akapima drili moja baada ya nyingine, akachukua iliyo nzito kuliko zote. Mimi nilisimama kando yake. Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye darasa la jioni la Mwalimu Notburga, kusoma nilikuwa nimeshajua, na nilisoma kwenye betri ile: ubavuni volti 48, chini yake volti 12. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba ni heshima.

Ilikufa siku ya tisa. Tulipoifungua betri tulikuta seli tatu ndogo na bonge la saruji. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee hakucheka. Kosa hilo la kunyamaza nilikwenda kuliungama. Padri alinipa fungu moja la rozari, nikajiongezea manne. Kisha nikamwomba Mwalimu Notburga anifundishe sura yote ya umeme, hata kama ilikuwa ya mwaka wa mbele.

Duka tuliloingia ni la Hamphrey, Mmatengo mnene mwenye koti la sufu, nyuma ya soko.

"Karibuni, watu wa usipa," alisema alipotuona tunatetemeka, akitutania kwa dagaa wa ziwani kwetu. "Mmetuletea mboga?"

"Tumekuletea ukuni," Mzee Vitalis akamjibu. "Tumesikia wa milimani mnakufa kwa baridi."

Hamphrey akacheka, akamwamkia shikamoo, akapanga drili tatu mezani. Ya kwanza nyekundu, kubwa, ubavuni imeandikwa volti 88. Ya pili ya wastani, rangi ya kijani. Ya tatu ndogo, nyeusi, haina mapambo. Kabla sijasema neno Mzee alikuwa ameshafumba macho na viganja vinatembea. Vilisimama kwenye nyekundu.

"Hii."

Nilimwomba Mtakatifu Yosefu, seremala mwenzetu, anipe ulimi. Haikuchukua muda.

"Baba, naomba nisome kwanza."

"Soma. Si ndiyo maana umezeekea darasani?"

Niliigeuza. Chini ya betri, kwa herufi ndogo kama mchanga, palikuwa na 18. Nikamwuliza Hamphrey hiyo 88 ni ya nini.

Alijikuna shingo. "Hiyo ni ya kuvutia macho. Wateja wanaipenda."

Nikamgeukia Mzee. "Baba, hata ile ya mwaka jana ilikuwa na namba mbili zisizopatana. Niliziona. Nilisoma nikanyamaza. Nisamehe."

Mzee alinisogelea. Hamphrey alijifanya anapanga misumari.

"Uliziona?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kukuaibisha mbele ya watu."

"Kwa hiyo badala ya kuaibika dakika moja nimeaibika mwaka mzima." Akavua kofia, akaikung'uta manyunyu, akaivaa tena. "Haya. Leo usininyamazie."

Sikumnyamazia. Niliuliza yote niliyoandika kwenye daftari. Je, mota inatumia kaboni, vile vipande vyeusi vinavyosuguana ndani yake? Hamphrey alisema nyekundu na kijani zinatumia, na kaboni zikilika hubadilishwa. Nyeusi haina kaboni kabisa, kwa hiyo hapo hapana cha kulika. Je, ule mdomo unaobana chuma cha kutobolea ni wa plastiki? Wa nyekundu ni wa plastiki, ya zile nyingine mbili ni ya chuma. Je, betri ya ziada ipo dukani leo, si ya kuagiza? Maana drili nzuri yenye betri moja, betri ikiisha, ni nyundo mbaya. Ya nyekundu haikuwapo. Na ikiharibika, nani anaitengeneza? Hamphrey alisema kijani na nyeusi anazitengeneza mwenyewe, na vipuri anavyo. Akatuonyesha boksi lake.

Kisha nikatoa ukuni wangu, ukadondosha maji mezani kwake.

"Sasa nyie mmekuja kununua au kutoboa?" Hamphrey aliuliza. "Hapa ukitoboa, umenunua."

"Ikitoboa, nimenunua," nilisema. "Isipotoboa, baki nayo."

Mzee Vitalis akacheka, mara ya kwanza tangu Lituhi. Hamphrey akaona hana njia, akatoa za aina zilezile tatu anazoonyeshea wateja, akafunga kwenye kila moja chuma cha milimita kumi na mbili. Mkongo mkavu ni mgumu. Mkongo uliolowa unabana chuma kama mamba. Ndiyo maana niliuloweka. Mbao za boti hazikauki.

Nyekundu ilitoboa tundu moja vizuri. La pili ilinguruma. La tatu ilitoa harufu ya plastiki ikasimama katikati, na chuma tulikichomoa kwa koleo. Kijani ilifika tundu la nane, ikawa moto kiasi kwamba nilihamisha mkono. Nyeusi nilitoboa nayo matundu ishirini, nikisali Salamu Maria moja kwa kila mawili, si kwa hofu, ila ndivyo ninavyohesabu. Taa za betri zilikuwa zimepungua moja kati ya nne. Niliishika mwili: vuguvugu tu, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa.

"Ni hii," nilisema.

Mzee aliipokea, akafumba macho. Akatikisa kichwa. "Nyepesi. Kitu chepesi hakidumu, mwanangu. Mambo ya vitabu haya."

"Basi vitabu tuviache. Toboa kama unavyotoboa chini ya boti."

Mimi na Hamphrey tuliinua ukuni juu ya kichwa chake, mmoja huku, mmoja kule. Mzee alianza na ile ya kijani. Mkono ulifika usawa wa sikio, bega likakataa, akaushusha huku ameuma mdomo. Akachukua nyeusi. Mkono ulipanda, ukapita sikio, chuma kikagusa mti. Unga mwekundu wa mkongo ulimwangukia kwenye kofia na nyusi. Tundu lilipotokea upande wa pili hakushusha mkono. Alihama kidogo, akatoboa lingine, kisha lingine, mpaka mikono yetu sisi tulioshika ukuni ndiyo ikaanza kutetemeka.

"Mzee, utatuua," alisema Hamphrey.

Alishusha drili taratibu, akaitazama.

"Tezo, uzito wake ndio unaofanya kazi," alisema. "Linaanguka lenyewe. Drili haianguki; uzito wake naubeba mimi." Akapangusa unga kwenye nyusi. "Nilikuwa nawapimia wanangu mzigo."

Tuliinunua pamoja na betri mbili. Hamphrey alituandikia dhamana ya mwaka mmoja kwa mkono wake na kugonga muhuri. Niliisoma yote kwa sauti kabla hajaikunja.

Jumatatu asubuhi karakana ilijaa. Walikuwapo mafundi wote watano, Jacqueline wa saluni ambaye ndiye anatuchajia betri, na Asteria, mjane wa Kianglikana ambaye boti yake ilikuwa imekaa mwezi mzima kwenye magogo bila bolti za ubavu wa kulia. Mzee Vitalis alilala chali kwenye mchanga, akaingia chini ya boti, tukawa tunaona miguu tu. Drili ililia, ikanyamaza, ikalia. Matundu thelathini na moja. Alipotoka amejaa unga, Asteria alikuwa anamsubiri, mikono kiunoni.

"Mzee, nilisikia umehamia kwenye nyavu. Nimeleta na zangu zilizochanika."

"Nani kasema?"

"Wewe. Pentekoste."

Watu walicheka, naye akaacha wamalize. Kisha alivua kofia, akaweka mkono wa kulia juu ya ubao wa boti, juu kabisa, mahali ambapo mwezi uliopita usingefika.

"Asteria, na ninyi wote mliopo, nisikieni ili mnishtaki nikikosa," alisema. "Sikukuu ya Petro na Paulo ni Jumapili ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tisa. Mbele ya Mungu naahidi: siku hiyo boti hii itakuwa majini, na kila tundu lililobaki nitalitoboa mimi. Nyavu zako peleka kwa wazee. Na kifaa chochote chenye maandishi sitakichagua tena nikiwa nimefumba macho. Nitamwita Wendelin asome kwa sauti, hata kama ninyi wote mpo mnasikia."